Sura ya Tisa: Mgeni wa Gorayale

Inspekta Weris Salat alifungua kisanduku cha barafu, akazitazama zile chupa ndogo nne za dawa, akakifunga. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Tatu hazijaguswa," alisema. "Ya nne imetumika kidogo."

"Ndizo alizokuja nazo," alijibu Akeyo. "Anajidunga sindano mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Miaka ishirini na miwili hajakosa hata moja. Baba ni mwalimu, Inspekta. Ana ratiba mpaka ya kukata kucha."

Akeyo alikuwa binti wa mtu aliyepotea. Alikuwa muuguzi wa zahanati huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, na jana adhuhuri alishuka basi akiwa na mkoba mmoja na macho mekundu. Babake, Mwalimu Ochola, alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Watoto wa wavuvi aliwachorea twiga ubaoni, akawachorea Mto Tana kutoka mlimani hadi baharini, na yeye mwenyewe hakuwahi kuviona. Alipostaafu akasema sasa basi, naenda kuona kwa macho yangu nisije nikafa mwongo. Ndivyo alivyofika Garissa kutembea. Hotelini polisi waliikuta dawa ndani ya friji, na daftari lenye orodha kwa mwandiko wa ubaoni: Daraja la Tana. Viboko. Twiga. Swala hirola wa Masalani. Mbili za kwanza alikuwa amezitia alama ya vema.

Kwa twiga ndipo mambo yalipoharibika. Jumanne asubuhi aliondoka na mwongozaji wa watalii aitwaye Siyad Bile, na tangu hapo hakuonekana. Leo ilikuwa Ijumaa, saa moja asubuhi, na jua la Garissa lilikwisha kuanza ukorofi wake.

"Bila sindano atakaa siku ngapi?"

"Ya kwanza atahisi kiu na uchovu. Ya pili atatapika. Ya tatu..." Akeyo alikivuta kisanduku kwake. "Ukinipa baba yangu leo mchana, labda. Ukinipa kesho, utakuwa umenipa maiti."

Konstebo Mahat, dereva wa Weris, aliingia na vikombe viwili vya chai. Akeyo alionja chake, akakirudisha mezani.

"Samahani, kaka. Kuna isiyo na sukari? Nyumbani kwetu hatuitumii. Baba alipougua, mama alisema hawezi kunywa chungu peke yake kama mfungwa, basi sote tukaacha. Nilikuwa darasa la nne."

Mahat akatoka kutafuta nyingine. Mjini, wakati huo, kila kinywa kilikuwa na neno moja: ametekwa. Magari matatu ya polisi yalikuwa barabara ya mpakani tangu juzi, yakisimamisha kila lori. Weris hakuwalaumu, upande huu mtu akipotea, akili hukimbilia huko kwanza. Lakini watekaji hupiga simu, ama hujigamba. Hawa walikuwa kimya siku tatu nzima, na kimya hicho kilimkera. Alibakiwa na gari moja, Mahat, na mtu wa mwisho kumwona Mwalimu.

"Mlete Siyad," alisema.

Siyad alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Waberi hapo hapo mjini. Alivaa shati lenye picha ya twiga kifuani na namba ya simu mgongoni. Siku zote ulimi wake ulikuwa mwepesi. Leo ulikuwa mwepesi kupita kiasi.

"Inspekta, abaayo, dada yangu, nimesema juzi, nimesema jana. Nilimpeleka hifadhini Bour-Algi. Twiga hawakuwepo, ukame umewafukuza. Tukarudi. Saa kumi jioni nikamshusha Waberi, karibu na duka la dawa. Akasema ananunua dawa yake, atarudi hotelini kwa miguu. Wallahi, hapo ndipo mwisho."

"Dawa gani?"

"Dawa yake. Mzee ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Siyad alilamba midomo. "Presha?"

Weris alikifungua kile kisanduku mbele yake. "Dawa yake hii hapa, ya kumtosha mwezi na zaidi. Mtu mwenye maji nyumbani anaendea nini kisimani, Siyad?"

"Labda alitaka ya kichwa."

"Labda." Weris akaweka mezani chupa ya chai ya buluu, ile ya kuhifadhi joto. Ubavuni paliandikwa OCHOLA kwa kalamu nene. "Hii tumeitoa chini ya kiti cha gari lako."

"Aliisahau."

"Ina maziwa ya ngamia."

"Tulinunua sokoni. Asubuhi, kabla hatujatoka."

Lo! Jibu lilikuja kabla swali halijapoa. Weris alifungua kifuniko, akanusa. Maziwa yalikwisha kuchacha vibaya, lakini chini ya uchachu ule kulikuwa na moshi, mzito, mtamu kidogo. Aliwahi kuujua moshi wa namna hiyo. Bibi yake alikuwa mfugaji, na Weris alilelewa mgongoni mwake mpaka alipopelekwa shule.

"Pua yangu imekufa kwa kukaa ofisini," alisema. "Akeyo, chukua dawa zako. Tunaenda kwa mtu mwenye pua."

Kwenye soko la maziwa wanawake walikuwa wamekaa safu mbili, kila mmoja na mitungi yake, na kila mtungi una kitambaa cha rangi kwenye mkono ili usichanganyike na wa jirani. Sahara alikuwa ameuza hapo kwa miaka ishirini. Salamu zilikuwa za Kisomali, lakini alipomwona Akeyo amesimama na mkoba kifuani, akageukia Kiswahili chake cha sokoni ili mgeni naye asikie.

Alimimina tone kiganjani. Akanusa, akalamba, akatema kando.

"Hii maziwa si ya hapa."

"Una hakika, eddo, shangazi yangu?"

"Angalia mitungi yangu. Yote blastiki. Sisi tunafukiza kidogo tu, haraka haraka, juu blastiki ikiona moto inakufa. Hii imelala ndani ya chombo ya kusuka, ya mizizi. Imefukizwa mpaka imeshiba."

"Nani bado anatumia chombo cha kusuka?"

"Mjini hakuna. Ni wale wanahama na ngamia. Na hii moshi..." Alinusa tena, akafumba macho. "Hii mti haimei huku. Hii ni ya juu, Wajir, ya watu wa Eldas. Mwanamke wa Eldas akihama anabeba vibande yake ndani ya nguo kama dhahabu. Babangu alioa huko, mimi nimekula moshi hii utoto yangu yote."

"Watu wa Eldas wako huku Garissa?"

"Ukame imewaleta. Wako Gorayale, mwezi ya bili sasa. Hawaleti maziwa sokoni, ni mbali. Mimi sijauza hata tone yao, na hakuna mama hapa ameuza."

Weris alifunga chupa. Basi Siyad hakununua maziwa sokoni, na Mwalimu hakurudi saa kumi kutoka hifadhini. Gorayale ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari, kwenye pori ambalo hakuna mtu aliyelitafuta.

Sahara alimshika Akeyo mkono. "Mama, babako akiwa kwa watu ya Eldas, wewe usilie. Mgeni yao halali njaa. Watalala wao."

Hapo ndipo Akeyo alipovuta pumzi ya kwanza ya maana tangu ashuke basi.

Kituoni Weris hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema neno moja tu.

"Gorayale."

Siyad alijishika kichwa.

"Twiga hawakuwepo hifadhini," alisema mwishowe. "Hilo ni kweli. Mzee akasikitika sana. Akasema, nimetoka ziwani mpaka huku nije nione kwato mchangani? Nikamwonea huruma. Nilisikia wamehamia Gorayale. Tukaenda bila kuwaambia askari wa wanyamapori, bila kumwambia mtu."

"Halafu?"

"Halafu mpira wa rejeta ukapasuka. Kulikuwa na familia ya wafugaji pale, mzee wao anaitwa Abdow. Kiswahili hawajui. Wakanipa maji ya kutia kwenye gari, lita ishirini, na maziwa ya njiani, ndani ya chupa ya mzee. Gari lilikuwa linachemka kila baada ya kilomita mbili tatu, sasa nimburure mzee wa watu juani? Nikamwacha kwenye kivuli chao, nikasema narudi kabla jua halijazama. Kufika mjini ni magharibi. Vizuizi vimefungwa, hutoki."

"Jumatano?"

"Alfajiri nilikuwa barabarani, na pikipiki ya kuazima. Nikafika. Hakuna mtu! Hakuna kibanda, hakuna ngamia. Majivu na boma la miiba basi. Niliita mpaka sauti ikakauka."

"Ukarudi ukatuambia Waberi."

"Ningesema nini?" Siyad alipandisha sauti, akaishusha. "Mwenyeji wa huku, nimempoteza mgeni porini, upande ule? Wangesema nimemuuza. Hata wewe, abaayo. Hata wewe ungesema."

Weris alitaka kukana, akashindwa, na hasira ikampanda maradufu. "Siku mbili, Siyad. Siku mbili umetuacha tunapekua maduka ya dawa Waberi na mtu yuko porini!"

Akeyo alikuwa nyuma yake. Alikuwa amesikia yote. Weris alijitayarisha kumzuia, lakini mwanamke yule hakuinua mkono wala sauti.

"Aliwaona?" aliuliza. "Hao twiga. Aliwaona kweli?"

Siyad alishindwa kumtazama. "Kumi na moja. Na mtoto wao mmoja. Mzee alilia."

Akeyo alilitoa daftari mkobani, akatafuta kalamu, akatia alama ya vema mbele ya neno la tatu. Alama ikaenda upande. Kisha akasema, "Twendeni."

Walimchukua Siyad. Mahat aliendesha kama aliyetumwa na kifo chenyewe. Lami ikaisha, changarawe ikaisha, vikabaki vichaka vya kijivu na mizoga ya mbuzi kando ya njia. Mtandao wa simu ulikatika kabla ya saa nne. Akeyo alikaa nyuma na kisanduku mapajani, na kila gari liliporuka alikiinua mikononi ili dawa isigongwe.

Gorayale hapakuwa mahali pa kuitwa mahali. Boma la miiba, duara za majivu, migunga sita. Weris aliruka chini kwanza.

"Simameni hapo hapo! Msinikanyagie mchanga."

Alizunguka boma lote ameinama, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akifanya bibi yake akitafuta ndama. Upepo ulikuwa umefuta mengi upande wa wazi, lakini ndani ya boma na chini ya migunga alama zilikuwa zimebaki. Tairi za gari la Siyad. Kandambili, nyingi, za wakubwa na watoto. Na soli za raba zenye mistari ya mawimbi.

"Viatu vya baba yako?"

"Ndivyo. Nilimnunulia mimi kwa safari hii."

"Alishuka hapa. Akakaa hapa, kivulini, mgongo kwenye mti." Weris alisonga. "Halafu kuna njia hii, kutoka mtini hadi nyuma ya kichaka kile. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mara kumi, kumi na mbili. Alikuwa anatazama nini huko?"

"Hatazami kitu," alisema Akeyo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anakwenda haja ndogo. Sukari ikipanda kwenye damu, mwili unaitoa na maji yote. Ilikuwa imeanza Jumanne hiyo hiyo."

Weris aliendelea. Nyayo za raba zilitoka mtini kwa mara ya mwisho zikiwa zimeburutwa, na kandambili mbili zikiwa ubavuni mwake, moja kila upande. Ziliishia penye alama mbili za magoti ya ngamia. Baada ya hapo, hakuna raba tena. Nyayo za ngamia yule zilizama kuliko za wenzake.

"Hajatekwa na mtu," alisema Weris. "Wamehama naye. Walimpandisha ngamia."

"Kwa nini?" Akeyo alilipuka sasa. "Kwa nini wasimngoje huyu asubuhi moja tu? Saa moja tu!"

Weris aliliendea pipa lililoachwa pembeni, akalipiga teke. Lililia tupu. Ukame wa miezi minane, ngamia wamekonda, na mtu yeyote aliyelelewa kwenye boma anajua kwamba mjumbe aliyetumwa kutafuta malisho akirudi na habari za mvua, kesho haingojwi. Mgeni haachwi, na mifugo haingoji. Hao watu hawakuwa na la tatu la kuchagua.

"Lita ishirini," alisema Siyad kwa sauti ndogo. "Zile walizonipa za rejeta. Ndizo zilizokuwa za mwisho?"

Weris alikuwa amefika mlangoni pa boma, na hapo alisimama muda mrefu. Chini palikuwa na tawi la mgunga lililokatwa kwa shoka. Ncha yake ilielekea kusini. Juu yake paliwekwa jiwe, na kwenye jiwe pamefungwa leso nyeupe ya kiume.

"Siyad, njoo. Hiki ulikiona Jumatano?"

"Niliona tawi. Nilidhani ni la kuzibia mlango."

"Na leso?"

"Takataka tu, nilidhani..."

"Walikuachia barua, mwanamume wewe! Wamehamia kusini, mgeni wako wanaye, fuata. Mtoto wa mfugaji wa miaka saba angeisoma akiwa anakimbia. Unawaonyesha watu pori na pori lenyewe hulijui!"

Siyad alikaa chini mchangani, shati la twiga na yote. Alizaliwa mjini, alisomea mjini, twiga wake alijifunza kwenye simu. Na hao watu wa Eldas haikuwajia kabisa kwamba kuna mtu mwenye sura kama yao asiyejua kusoma tawi.

Nyuma yao Akeyo alikuwa ameinama penye majivu. Aliinuka na karatasi tatu zilizokunjwa.

"Inspekta. Hii ni nini?"

"Karatasi za sukari."

"Tatu?"

"Za kilo moja moja."

"Hawa watu wanakunywa chai gani?"

"Ya maziwa."

"Na sukari kiasi gani?"

"Kwa mgeni? Nyingi. Mgeni ukimpa chai isiyokolea, umemtukana."

Akeyo alizitazama zile karatasi. "Ugonjwa ukipanda unaleta kiu. Kiu ambayo wewe hujawahi kuiona. Akili nayo inaanza kupotea. Mtu wa hivyo hachagui, atakunywa chochote kilicho mbele yake. Na maji hapa hayakuwepo." Alikuwa akiongea polepole, kama anayesoma faili la mgonjwa wa mtu mwingine. "Akinywa, inapanda. Ikipanda, anakuwa na kiu. Mungu wangu. Wanamwonea huruma, wanamwongezea."

"Garini!" Weris alipiga kelele. "Mahat! Washa!"

Waliufuata mkondo wa nyayo kuelekea kusini, upande wa Ijara. Mara tatu waliupoteza kwenye mawe, mara tatu Weris alishuka na kuupata kwa mavi ya ngamia na vijiti vilivyovunjwa. Saa sita ikapita. Saa ya swala ya Ijumaa ikapita, na Mahat akaomba kimoyomoyo dua aliyoweza. Saa nane hewa ikabadilika. Ardhi ilikuwa na unyevu, nyasi changa zimechomoza, na ngamia walikuwa wametawanyika wakila kama wenye hasira.

Mzee mwembamba mwenye ndevu zilizopakwa hina aliwakimbilia akipunga fimbo. Alikuwa anacheka kwa furaha. Alikuwa Abdow, akisema kwa Kisomali.

"Mmeuona mti wetu! Nilimwambia mke wangu, huyo mwenye gari ataona mti, atakuja. Karibuni. Mgeni wenu yupo. Amedhoofika lakini yupo, hatukumwacha."

"Yuko wapi, adeer, ami yangu?"

Alikuwa ndani ya kibanda cha mikeka, kwenye mkeka mzuri kuliko yote, mto chini ya kichwa. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakumwona mtu. Alikuwa akipumua kwa kina na kwa kasi, kama aliyekimbia mbio ndefu, na pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Weris hakuhitaji kuelezwa. Alimwona Akeyo anavyoinusa pumzi ile na kufumba macho mara moja.

"Baba, ni mimi. Nimekuja. Nimekuja na dawa."

Alidunga sindano. Alitafuta mshipa, ukakimbia, akatafuta mwingine, akaupata. Weris alipiga goti akaushikilia mfuko wa maji ya chumvi, uliotoka mkobani mwa Akeyo, juu ya kichwa, mkono umenyooka. Mahat alikwenda kuligeuza gari tayari kwa Masalani, kwenye hospitali iliyo karibu.

Mke wa Abdow, Batula, alichuchumaa kando. Alikuwa mama wa makamo, mikono imekauka kwa kazi, na alitaka sana kueleza. Alimwambia Weris kwa Kisomali, huku macho yake yako kwa Akeyo.

"Mwambie binti yake hatukumnyima kitu. Siku ya kwanza aliikataa chai yangu. Nikaona aibu, nikajua haijakolea, nikaongeza sukari, nikamsihi mpaka akanywa. Jumatano akawa anaomba mwenyewe kwa mikono, kila saa. Alhamisi hakuweza kuinuka, nikamnywesha kwa kijiko kama mwanangu. Sukari ilipopungua tukamwekea yeye. Sisi na watoto tumekunywa chungu siku tatu. Hakuna shida, tumezoea. Mwambie."

"Anasema nini?" Akeyo aliuliza bila kugeuka, vidole viko shingoni mwa babake.

Miaka kumi na minane Weris alikuwa akila mkate wake kwa kuwatoa watu ukweli. "Anasema wamemtunza."

"Hilo naliona."

Walimwinua pamoja, Akeyo na Weris na mzee Abdow na Siyad aliyekuja bila kuitwa. Hawakufika mlangoni. Pumzi zile nzito zikapungua, zikaachana. Akeyo alipiga kelele wamlaze. Akampanda kifuani, akamsukuma, akahesabu kwa sauti, akampulizia, akasukuma tena. Aliendelea mpaka jasho lake likawa linadondoka usoni kwa mzee. Aliendelea baada ya kila mtu humo ndani kujua. Mwishowe Weris alimshika mabega.

Kwa mazoea ya kazi akatazama saa. Ilikuwa kumi kasoro dakika kumi.

Abdow alisema maneno ya kumrejesha mja kwa Mola wake. Nje ngamia walikuwa wakila, kengele zao za mbao zikigonga. Siyad aliteleza chini kwenye nguzo ya kibanda, akauficha uso kwenye shati.

Batula hakulia. Alikuwa amefadhaika, anamtazama maiti, anautazama mkeka, anatazama kama kuna alichokisahau. Kisha akauliza swali lake, akimwelekea Akeyo.

"Anauliza nini?"

Safari hii Weris hakuweza kupunguza neno. "Anauliza kilichomuua babako. Anasema hakukosa kitu kwao, sasa kimemuua nini?"

Akeyo aliangalia kikombe kilichokuwa kando ya mto. Chai ilikuwa imebaki kidogo, na chini yake sukari isiyoyeyuka imelala nzito, nyeupe. Karibu na moto vilikuwepo vikombe vingine vitano. Hivyo vilikuwa vyeusi hadi chini, havikuwa na hata chembe ya sukari.

"Mwambie ni jua," alisema.

"Akeyo..."

"Wewe ni polisi. Kwenye karatasi zako andika unavyojua. Yeye mwambie jua. Lilimpiga Jumanne gari lilipoharibika, hata daktari asingefanya kitu. Mwambie hivyo, Inspekta. Mwambie sasa."

Weris akamwambia. Alilisema vizuri, bila kusita, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Hapo ndipo Batula alipolia. Alilia kwa sauti, akijipiga paja, akilaani jua na ukame na gari. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya buibui, akaenda motoni, akakaa huko muda. Alirudi na kikombe kimoja. Alikuwa ameikung'uta karatasi ya mwisho ya sukari, akaikwangua kwa kucha kwenye mikunjo, akaitia yote. Mfiwa haachwi na koo kavu.

Alimpa Akeyo kwa mikono miwili.

Akeyo, ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai ya sukari tangu darasa la nne, alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa mbele yake, polepole, bila kukunja uso, mpaka chini.